Sura ya Nne: Mbona Kilima Kizuri Hutoa Picha Mbovu?

Hakuna swali ambalo wapigaji picha wapya huuliza mara nyingi kuliko hili: mbona mahali nilipokuwa palikuwa pazuri kupita kiasi, na picha niliyorudi nayo haina kitu? Aulizaye aghalabu ameondoka Goma asubuhi mgongoni mwa pikipiki, akapita Sake, akapandishwa kona za kuelekea Mushaki, na alipofika juu akamwomba motari asimame, akageuka nyuma, akaona maji ya Ziwa Kivu kwa mbali na milima ya moto ya Nyiragongo na Nyamulagira, kisha mbele yake malisho ya Masisi yakipanda na kushuka, kilima baada ya kilima, hata macho yakachoka. Akatoa simu, akapiga, akaendelea na safari. Usiku, alipoifungua picha ile ili awaonyeshe jamaa zake, alikuta ukanda wa kijani chini, ukanda wa weupe juu, na vitone vyeusi ambavyo ilimbidi aeleze kuwa ni ng'ombe.

Wengi hudhani kwamba ila ni ya simu, wakaweka akiba miezi mingi ili wanunue kamera kubwa. Na wakiisha kuinunua hurudi pale pale Mushaki, wakapiga ukanda ule ule wa kijani na ukanda ule ule wa weupe, tofauti ikiwa ni bei tu.

Sura hii italijibu swali hilo kwa kutembea katika wilaya mbili zinazopakana za Kivu ya Kaskazini. Masisi ni nchi ya vilima vilivyo wazi, na Walikale ni nchi ya msitu. Na msomaji akielewa kwa nini hila inayofaulu katika ile ya kwanza hushindwa katika ile ya pili, atakuwa amepata maarifa ambayo orodha ndefu ya kanuni haiwezi kumpa.

Jicho huchagua, kamera hupokea

Mwanadamu asimamapo mbele ya kilima hakitazami chote. Jicho lake hurukia ng'ombe mweupe, likafuata njia ya miguu mpaka kwenye kibanda, likaupuuza waya unaokatiza juu na mfuko wa plastiki ulionaswa katika uzio, na wakati huo huo akili ikichanganya yaliyoonwa na ubaridi wa upepo, harufu ya majani na furaha ya kufika. Jicho, kwa kifupi, hufanya kazi ya mama apetaye maharage katika ungo: yaliyo mema hubaki, makapi huruka. Kamera haina ungo. Hupokea waya, mfuko, ng'ombe na kibanda kwa taadhima iliyo sawa, kisha humkabidhi mpigaji vyote pamoja, bila upepo wala harufu.

Kazi ya kuchagua, basi, humrudia mpigaji mwenyewe, na ala zake ni zile zile ambazo wachoraji na wachongaji wamezitumia tangu kale: mstari, umbo, mrudio, rangi, mguso, nafasi, na nuru pamoja na kivuli chake. Hivi ndivyo viitwavyo vipengele vya usanifu, yaani vitu vya asili ambavyo jicho huvitambua kabla akili haijavipa majina. Na mpangilio ni namna ya kuviweka ndani ya fremu, yaani ndani ya mipaka minne ya picha, ili mtazamaji ajue aanzie wapi na atue wapi.

Mstari, au hidaya ya Masisi

Masisi ni nchi ya mistari. Migongo ya vilima ni mistari; njia zilizochimbwa na kwato za ng'ombe ubavuni mwa mlima ni mistari; nyua za miti zigawanyazo malisho, safu za mikaratusi na barabara ya udongo ipitayo kati yake, vyote ni mistari, na mtu aliyezaliwa huko huivuka kila siku bila ya kuitia nadhari, maadamu kwake ni mipaka ya mashamba ya watu.

Mstari mlalo, uliolala kama upeo wa macho, huleta utulivu. Mstari wima, kama shina la mkaratusi, huonyesha nguvu na kimo. Mstari wa mshazari, yaani ule ukatao kutoka pembe moja kwenda nyingine, huleta mwendo, na picha ambayo haina hata mshazari mmoja aghalabu huonekana imesinzia. Mtazame mtu ashukaye na chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na injini, iliyopakiwa viazi au makaa: shingo ya chombo imeinama, mwili wa mwendeshaji umeinama, mteremko wenyewe umeinama, na mistari hiyo mitatu ikikutana katika fremu moja, mtazamaji aliye Kinshasa au Mombasa, asiyepata kuiona chukudu maishani mwake, hujua papo hapo kwamba kitu hiki kinakwenda kasi na breki zake ni za mashaka. Mpigaji aliyesimama kando, akaisubiri chukudu ifike sambamba naye, akaipiga ikiwa katikati na barabara ikiwa imelala, huupoteza mteremko wote, nao ndio habari yenyewe. Fauka ya hayo, kiendacho kiachiwe nafasi mbele yake: chukudu ielekeayo kulia iwekwe kushoto, ili jicho lipate mahali pa kuitangulia.

Ipo pia mistari ielekezayo, ambayo huingia katika picha kwa pembe ya chini na kumwongoza mtazamaji mpaka kwenye kiini, yaani kitu kilichosababisha picha kupigwa. Uzio wa malisho hufaa sana kwa kazi hii. Mtu aliyesimama wima katikati ya malisho huuona uzio ukikatiza mbele yake na kumzuia. Akisogea hatua chache, akachuchumaa, akaruhusu nguzo ya kwanza ianzie pembeni kabisa mwa fremu, uzio ule ule hugeuka kuwa njia ya kumfikia mchungaji. Hakuna kilichoongezwa wala kununuliwa. Magoti tu ndiyo yaliyokunjwa.

Na hapa ndipo lilipo jibu la msafiri wetu wa Mushaki. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana: imeundwa ili ndugu wote waingie katika picha ya harusi, na upana huo huvisukuma vitu vya mbali vikazidi kwenda mbali na kuwa vidogo. Vilima vilivyojaa machoni pake vilisukumwa hivyo mpaka vikawa utepe. Dawa yake ni mojawapo ya mbili. Ama atumie lenzi ya kuvuta, ambayo baadhi ya simu za siku hizi zinayo, achague vilima vitatu au vinne tu na kuviacha vingine, navyo vitakaribiana na kupandana. Ama abaki na lenzi pana, lakini aweke kitu karibu yake, jiwe, mti, ng'ombe, au mtoto aliyekubali kusimama, ili jicho lipate kipimo cha umbali. Asubuhi ya ukungu hufaa kupita zote, kwa kuwa unyevu uliomo hewani hufifisha kila kilima kwa kadiri ya umbali wake: cha kwanza huwa kizito, cha pili hafifu, cha tatu huelekea samawati, na matabaka hayo hutoa kina ambacho adhuhuri yenye anga safi haitoi kamwe.

Kwa ufupi:

– Kabla ya kupiga, uliza mstari gani unaingia katika picha, na unaishia kwa nani.
– Vilima vya mbali vivute. Vilima vipana vipe kitu cha karibu.
– Ukishindwa kuona mstari, badili kimo chako kwanza, kisha ndipo ubadili mahali.

Neno fupi juu ya thuluthi

Vitabu vingi vya ufundi huu hutaja kaida ya thuluthi: gawanya fremu kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, ziwe sehemu tatu kila upande, kisha weka kiini pale mistari inapokutana, na upeo wa macho juu ya mmojawapo wa mistari ya mlalo. Kaida hii inafaa, na simu nyingi huweza kuichora kwenye kioo. Kama ardhi ndiyo yenye habari, anga ipewe thuluthi moja. Kama mawingu ya mvua ndiyo habari, ardhi ndiyo ipunguzwe. Nami sioni haja ya kusema zaidi, kwa sababu nimeona picha nyingi zilizoitii kaida hii kwa uaminifu na zisiwe na lolote la kuonyesha.

Umbo, mrudio, na hatari yake

Umbo ni mzingo wa kitu: duara, mraba, pembetatu. Mrudio ni umbo moja kuonekana tena na tena. Masisi vyote viwili huonekana vizuri mahali ambapo wapigaji wachache hukumbuka kuingia, nako ni kwenye vyumba vya jibini. Jibini la Masisi, ambalo ufundi wake ulikuja na Wabelgiji na sasa ni wa wafugaji wa huko, hutengenezwa kwa umbo la duara nene na kupangwa juu ya mbao likomae. Na safu hizo za maduara ya manjano iliyofifia, zikiangazwa na dirisha moja, hufanya mrudio ambao mchoraji angeulipia. Lakini mrudio mtupu huchosha kama ukuta. Hupata uhai unapokatizwa: duara moja limekatwa kipande, au mkono wa mwanamke umefika kuligeuza moja, na jicho lililokuwa likitangatanga sasa limepata pa kukaa.

Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, alikwenda mbali zaidi. Aliwaketisha wateja waliovaa vitambaa vyenye nakshi mbele ya pazia lenye nakshi, mrudio juu ya mrudio, na katikati ya vurugu hilo tulivu akaacha sehemu mbili tu zisizo na nakshi, uso na mikono. Yeyote awezaye kumpiga mama wa Kitchanga aliyevaa kitenge chake cha sikukuu anaweza kujaribu hila hiyo bila studio.

Hatari ya mrudio huonekana Rubaya, kwenye machimbo ya koltani. Huko mamia ya wachimbaji hupangana kwenye mteremko wa udongo uliochunwa, na kila mpigaji afikaye, ajue asijue, humuiga Sebastião Salgado, Mbrazili aliyepiga machimbo ya dhahabu ya Serra Pelada mwaka 1986 kwa rangi nyeusi na nyeupe, wachimbaji wakiwa wamejaa kwenye ngazi kuanzia chini mpaka juu. Picha hizo za Salgado ni kubwa, wala sizipunguzii heshima. Lakini mrudio humgeuza mtu kuwa nukta, na mahali ambapo watu wamekwisha kuhesabiwa kama nukta na wengi, mpigaji mwenye insafu hana budi, baada ya picha ya umati, kuikaribia sura moja na kuipa fremu nzima.

Rangi, na kijani kisichokubali wenzake

Tatizo la rangi katika nchi hii ni wingi wa kijani. Kijani kikijaa fremu yote hakionekani tena kuwa rangi. Huwa ni usuli, yaani kile kilicho nyuma ya habari. Mwanamume mmoja wa Ayalandi, Richard Mosse, aliitafutia hali hiyo ufumbuzi wa ajabu. Alikuja mashariki mwa Kongo na filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome, aina iliyoundwa kwa ajili ya majeshi ili ifichue maficho ya adui, kwa kuwa huona miali isiyoonekana na jicho ambayo majani mabichi huirudisha kwa wingi, nayo huyatoa majani hayo yakiwa ya waridi na wekundu. Vilima vya Kivu vikawa vya waridi, na askari wakasimama ndani ya majani mekundu. Mwaka 2013 kazi yake iitwayo *The Enclave* iliiwakilisha Ayalandi katika maonyesho ya Venice.

Rai yangu juu ya kazi hiyo ni ya pande mbili. Imethibitisha kwa dhahiri kuwa rangi moja ikibadilishwa, dunia iliyozoea kupitisha macho juu ya Kivu husimama na kutazama. Ila mtazamaji huondoka akikumbuka waridi, na ukimwuliza kilima kilikuwa wapi hajui. Mkaazi wa Masisi hahitaji filamu ya kijeshi. Anahitaji kitu kimoja kisicho cha kijani, na nchi imejaa vitu hivyo: bidoni la njano mgongoni mwa msichana apandaye kutoka mtoni, mwavuli mwekundu sokoni Mweso, hema jeupe, sketi ya buluu ya mwanafunzi. Bidoni la njano, dogo, katika thuluthi ya fremu, na kijani chote kilichobaki kikiwa kimya, hushinda fremu iliyojaa rangi kumi zinazogombana. Rangi ya moto, yaani nyekundu, njano na chungwa, huonekana kusogea mbele. Rangi ya baridi, yaani buluu na kijani, hurudi nyuma. Kwa hiyo katika nchi ya kijani, kidogo chenye moto hutosha.

Walikale, ambako mistari hupotea

Sasa na tushuke. Barabara iendayo magharibi huacha malisho na baridi, hewa huwa nzito, na msitu hufunga pande zote. Hii ni nchi ya Wanyanga na jirani zao, nchi ya mto Lowa na mto Oso, ya gorila wa nyanda za chini na ya madini ya kasiteriti ambayo huyeyushwa yakawa bati. Mpigaji aliyefaulu Masisi hufika hapa akatafuta upeo wa macho, na upeo haupo. Hutafuta matabaka ya vilima, na mbele yake, umbali wa hatua ishirini, ni ukuta wa majani. Picha zake za siku ya kwanza hutoka zikiwa na matawi elfu yasiyokubaliana, na mabaka meupe ya anga yatobokayo juu na kulichoma jicho.

Msitu una mistari, lakini ni michache na aghalabu imefanywa na watu. Mashuhuri kuliko yote ni ile sehemu ya barabara ya lami iliyonyooka pale Kilambo, ambako ndege ndogo zilikuwa zikitua barabarani, zikipakia kasiteriti na kuruka kwenda Goma, huku watu na baiskeli wakisogea kando kuzipisha. Nje ya sehemu kama hizo, mpigaji hana budi kuweka mstari chini na kushika vipengele vingine.

Cha kwanza ni nuru. Msituni nuru haimwagiki. Huanguka kwa matone, kupitia matundu ya majani, na mahali tone lilipoangukia ndipo picha ilipo. Mpigaji mwerevu huliona tundu kwanza, akasimama, akasubiri mtu afike chini yake. Cha pili ni mguso, yaani hali ya uso wa kitu ambayo kidole kingeijua kwa kupapasa: gome lenye ukwaru, jani lililolowa, kitambaa cha gunia kilichosuguana na mgongo wa mbebaji aliyetoka machimboni na mzigo wake. Mguso huonekana nuru inapokuja kwa ubavu. Nuru ya usoni huusawazisha ukapotea. Cha tatu ni maji. Mtoni msitu hufunguka, anga huonekana mara mbili, na ile kaida ya thuluthi inaweza kuvunjwa bila majuto, upeo ukiwekwa katikati ili kilicho juu na kivuli chake majini vipate haki sawa.

Juu ya maji ni vema kumtaja Kiripi Katembo, aliyezaliwa Goma mwaka 1979 na kufariki Kinshasa mwaka 2015. Yeye alipiga madimbwi ya mvua katika mitaa ya Kinshasa, kisha akaigeuza picha juu chini, hata mpita njia aliyeakisiwa katika maji machafu akaonekana amesimama wima katika dunia nyingine, mawe ya dimbwi yakielea mbinguni. Mojawapo ya picha hizo ndiyo iliyotangaza maonyesho ya sanaa ya Kongo ya Fondation Cartier mjini Paris mwaka huo huo wa 2015. Ala yake kuu ilikuwa dimbwi, kitu ambacho Walikale haijawahi kukikosa.

Kwa ufupi: Masisi tafuta mstari kisha subiri nuru, Walikale tafuta nuru, na mstari ukija uwe ziada.

Nuru ya Ikweta, na sura ya mtu

Vitabu vilivyoandikwa Ulaya huahidi saa ndefu ya nuru laini asubuhi na jioni. Kwetu, chini kidogo ya Ikweta, jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima na kupanda moja kwa moja, wala haliambai upeo kwa mshazari kama lifanyavyo huko kaskazini. Kwa hiyo nuru laini ni ya muda mfupi, na kufika saa tatu vivuli vimekwisha kuwa vikali. Saa sita mchana jua hukaa utosini na macho ya mtu huwa mashimo meusi. Msogeze chini ya baraza au mlangoni mwa nyumba, uso ukielekea nje, nawe utapata nuru ambayo studio hukodishwa kwa ajili yake.

Kamera ikiachiwa ipime yenyewe hudhani kwamba kila kitu duniani, kikichanganywa, ni cha kijivu cha wastani. Ikiona ukungu mweupe wa Masisi nyuma ya sura nyeusi, hupunguza nuru ili ukungu uwe wa kijivu, na sura huzama gizani. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha pandisha ile alama ya jua mpaka ngozi ionekane kwa rangi yake halisi. Ukungu ukiungua kidogo, na uungue.

Na kabla ya yote hayo, omba. “Mama, naomba nikupige picha,” kisha ngoja jibu, na jibu likiwa hapana, ni hapana. Barieri, yaani vizuizi vya barabarani, askari na kambi zao hazipigwi. Hakuna mpangilio wenye thamani ya maisha ya mtu. Na aliyekimbia vita akalala chini ya hema si kipengele cha usanifu.

Nani amechagua mpaka sasa?

Mwaka 2020, wakati korona ilipofunga safari, mpigaji picha Finbarr O'Reilly, aliyepewa tuzo ya Carmignac ili aipige Kongo, aliwakabidhi kazi wapigaji wa Kongo wenyewe, na miongoni mwao walikuwamo Ley Uwera, Arlette Bashizi, Moses Sawasawa na Guerchom Ndebo. Zitafute picha zao, uzitazame moja moja huku ukijiuliza mstari umeanzia wapi na rangi ya moto imewekwa wapi. Zitakufunza kuliko sura hii.

Hata hivyo, picha nyingi za Walikale nilizoziona ni za machimbo na za vita, na nyingi za Masisi ni za vita na za ng'ombe. Soko la Njingala siku ya mvua, mwalimu akifuta ubao, mama akikamua mafuta ya mawese, vijana wakichonga gurudumu la chukudu: hayo hayajachaguliwa vya kutosha, na aliye karibu nayo ni wewe usomaye, si mgeni wa wiki moja. Anza kesho asubuhi, jua halijakaza, na kila picha utakayoihifadhi iandikie jina la mahali na tarehe yake.